Shiii ya Ampli Hutafutwa Mlangoni

Jumapili asubuhi makanisa ya Keshero huanza kusikika kabla ya wimbo wa kwanza. Korali bado inajipanga, mhubiri yuko nje akisalimiana na waumini, na mtu mmoja tayari amewasha ampli. Kwenye pembe za spika zilizofungwa juu ya ukuta hutoka sauti nyembamba isiyokatika: shiiiii. Wimbo ukianza, shiii hufunikwa. Mhubiri akishusha sauti ili asali kwa utulivu, hurudi, na waliokaa kwenye mabenchi ya nyuma hupoteza neno baada ya neno.

Keshero, jina ambalo wengine huliandika Kyeshero, ni mtaa wa magharibi mwa mji wa Goma, katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Upande mmoja unashuka hadi Ziwa Kivu, penye soko la Kituku linalopokea maboti ya vyakula. Huko, kama katika mitaa mingine ya mji, ampli iliyoundwa na fundi wa jirani si kitu cha ajabu. Transfoma hutoka kwenye mashine iliyokufa. Bodi ya umeme imetengenezwa China, ikapita Kampala au mpaka wa Gisenyi. Bati la kupozea limefunguliwa kwenye ampli nyingine iliyoungua, na sanduku limekunjwa na fundi wa mabati. Hii ni kazi ya kuheshimiwa: kijana aliyeijifunza kwa kuangalia na kujaribu anaweza kulipatia kanisa zima sauti kwa bei ambayo duka haliwezi kuikaribia.

Lakini vipuri havipatikani kwa urahisi. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipotekwa na waasi wa M23, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafunga milango, kila kipuri kinachonunuliwa bure kinauma zaidi. Kwa hiyo namna ya kuitafuta shiii ni suala la pesa pia.

Wengi huanza na vitu vikubwa. Hubadilisha kapasita nene za umeme, kisha transista za nguvu zilizofungwa kwenye bati la kupozea, kisha transfoma. Pesa zimekwisha, shiii ipo palepale. Vipuri vikubwa ndivyo vinavyovuta macho, ila shiii haizaliwi huko. Karibu kila mara huzaliwa mlangoni, kwenye hatua ya kwanza, pale ishara ya mikrofoni au simu inapoingia ikiwa bado ndogo mno. Kila hatua inayofuata huikuza pamoja na wimbo. Transista za mwisho hukuza kile zilicholetewa.

Kusikiliza kabla ya kubadilisha vipuri kuna mfano wake wa zamani. Mwaka 1931, huko Holmdel katika jimbo la New Jersey, Marekani, mhandisi kijana wa maabara za Bell aitwaye Karl Jansky alikuwa na antena kubwa inayozunguka. Alitumwa achunguze kelele zinazovuruga simu za redio zinazovuka Bahari ya Atlantiki. Hakukimbilia kuchuja wala kubadilisha vipuri. Alisikiliza kwa miezi mingi, akazigawa kelele katika mafungu matatu: radi za karibu, radi za mbali, na shiii nyepesi isiyojulikana inakotoka. Akaifuata hiyo ya tatu. Aliona kwamba hufika kilele kila baada ya saa 23 na dakika 56, ambao ndio muda wa dunia kujizungusha ukiipima kwa nyota, si kwa jua. Mwaka 1933 akatangaza kwamba inatoka upande wa katikati ya Njia Nyeupe, kundi la nyota ambamo jua letu limo. Elimu ya nyota kwa mawimbi ya redio ilianzia kwenye shiii hiyo.

Fundi wa Keshero hahitaji antena ya namna ile, lakini kugawa kelele kwa sikio kabla ya kushika bisibisi kunamfaa vilevile. Mvumo mzito, mmmm, wa hertz 50 ni umeme wa gridi unaopenya kwenye waya usio na kinga au kwenye maungio mabaya. Mlio mkali zaidi, nzzzz, ni wa hertz 100: daraja la diodi hutumia nusu zote mbili za kila wimbi la umeme, ndipo idadi inapokuwa maradufu, na kapasita kubwa zilizochoka hushindwa kuusawazisha. Mlio mwembamba wa tiiii, unaopanda na kushuka simu inapochajiwa au wingu linapopita juu ya paneli, hutoka kwenye chaja, inverta au kidhibiti cha sola. Mipasuko ya hapa na pale ni ya potenshometa chafu au kiungio cha risasi kilichopasuka. Hizo zote zina dawa zake. Shiii ni ile laini, isiyo na noti, isiyojali kama ni usiku au mchana.

Goma ni mahali pazuri pa kuzoeza sikio kwa tofauti hizo, kwa sababu mji mmoja una umeme wa namna kadhaa. SNEL, shirika la umeme la taifa, huleta ule wa mitambo ya mto Ruzizi, upande wa Bukavu. Virunga Energies ilizindua mtambo wa Matebe, katika eneo la Rutshuru, mwezi Desemba 2015. Kampuni ya Nuru iliwasha mwaka 2020 kituo cha sola cha megawati 1.3 huko Ndosho, upande huohuo wa magharibi wa mji. Umeme ukikatika, betri ya volti 12 na inverta hushika zamu. Ampli inayotulia kwenye chanzo kimoja na kulia kwenye kingine imekwisha kusema kwamba kosa liko upande wa umeme. Kuthibitisha ni rahisi: ampli inayokubali volti 12, mathalani yenye aisi (chipu ya kukuza sauti) ya TDA2030, iunganishwe moja kwa moja na betri, chaja na sola zikiwa zimetolewa kabisa. Mivumo na milio itatoweka. Shiii ikibaki vilevile, umeme hauna hatia na utafutaji unaweza kuanza.

Lakini shiii yenyewe ni nini? Jibu lilichapishwa mwaka 1928 na watu wawili waliozaliwa Sweden na kufanya kazi katika kampuni za simu za Marekani, John B. Johnson na Harry Nyquist. Johnson alipima na kuona kwamba rezista yoyote, hata ikilala mezani bila betri, huwa na volteji ndogo sana inayorukaruka bila mpangilio, kwa kuwa elektroni zake zinasukwasukwa na joto. Nyquist akaieleza kwa hesabu. Miaka 10 kabla yao, mwaka 1918, mwanafizikia wa Ujerumani Walter Schottky alikuwa ameonyesha chanzo cha pili: mkondo wa umeme ni chembe mojamoja zinazofika kwa nyakati zisizolingana, na hapo hutokea kelele, jinsi mchele ukimwagwa juu ya bati unavyotoa mlio mmoja mrefu ingawa kila punje imeanguka peke yake.

Hesabu ya Nyquist inampa fundi habari njema na mbaya. Mbaya ni kwamba kelele hii haiwezi kufutwa yote; ni ya maumbile ya vitu. Kuipoza ampli kutoka nyuzi 40 hadi 20 kunapunguza kelele ya rezista kwa asilimia 3 hivi tu, kiasi ambacho sikio halikitambui. Njema ni kwamba ukubwa wa rezista uko mikononi mwake. Katika masafa yote ya sikio la binadamu, hadi hertz 20,000, rezista ya kilo-omu 1 hutoa takriban maikrovolti 0.57. Ya kilo-omu 100 hutoa 5.7, na ya mega-omu 1 hutoa 18. Maikrovolti moja ni sehemu moja ya milioni ya volti, na mtu anaweza kuidharau mpaka aone inavyozidishwa.

Ichukuliwe ampli ya mfano, ya aina inayoweza kuundwa kwa ajili ya kanisa. Mikrofoni ya mwimbaji hutoa milivolti chache. Hatua ya kwanza, yenye aisi ndogo ya 4558, inaikuza mara 100. Ishara hupita kwenye potenshometa ya sauti, na ikiwa imefunguliwa yote, hatua ya nguvu inaikuza tena mara 30. Jumla ni mara 3,000. Kelele ya 4558 yenyewe, ikihesabiwa mlangoni, ni takriban maikrovolti 1.1, ikifika kwenye spika imekuwa milivolti 3.4. Sasa hatua ya nguvu ihesabiwe peke yake. Hata ikiwa na kelele ya maikrovolti 5 mlangoni mwake, huizidisha mara 30 tu, ikawa milivolti 0.15. Anayebadilisha transista kubwa anapigana na hiyo 0.15 huku 3.4 ikiendelea kulia.

Hesabu hiyohiyo inaeleza jambo linalowashangaza mafundi wengi. Milivolti 3.4 kwenye spika ya omu 8 ni nguvu ya maikrowati 1.4 hivi. Spika ndogo ya nyumbani, inayotoa desibeli 87 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja, itaigeuza kuwa karibu desibeli 29, ambazo katika chumba chenye watu hazisikiki. Pembe ya kanisani inayotoa desibeli 105 kwa wati hiyohiyo itatoa karibu 47. Ampli ni ileile, shiii ni ileile. Ndiyo maana fundi aliyeijaribu kazi yake kwa spika ndogo kibandani na kuona imetulia huitwa Jumapili na mzee wa kanisa asiye na furaha. Ampli ya ukumbi ijaribiwe kwa spika za ukumbi.

Liongezwe sasa kosa moja linalofanywa kwa nia njema kabisa. Kanisa linataka mikrofoni mbili. Fundi anaweka rezista ya kilo-omu 100 kwenye waya wa kila moja, anaziunganisha mbele ya 4558, na kazi inaonekana imekwisha. Kwa 4558, rezista hizo mbili kwa pamoja ni kilo-omu 50, na kelele yake ni maikrovolti 4: karibu mara nne ya kelele ya aisi yenyewe. Tena kila mikrofoni hupoteza nusu ya volteji yake kupitia njia ya mwenzake, kwa hiyo sauti hufunguliwa zaidi, na shiii hupanda nayo. Hakuna kipuri kilichoharibika hapo. Mita haitaonyesha kosa lolote, na kubadilisha transista zote za ampli hakutasaidia kitu. Dawa ni kuipa kila mikrofoni hatua yake ya kwanza na kuzichanganya baada ya kukuzwa. Rezista za kilo-omu 10 zinatosha kwa kuchanganya, na kelele yake hukutana na ishara iliyokwisha kuwa kubwa mara 100.

Utafutaji wenyewe hauhitaji osiloskopu. Ampli iwashwe bila wimbo, na kitufe cha sauti kizungushwe polepole. Shiii ikipungua sauti inaposhushwa, imezaliwa kabla ya potenshometa. Isipotikisika, imezaliwa baada yake. Ikiwa kubwa katikati kuliko kwenye ncha zote mbili, potenshometa yenyewe ndiyo mshtakiwa: ya kilo-omu 100, ikiigawa ishara nusu kwa nusu, kwa hatua inayofuata huwa sawa na rezista ya kilo-omu 25. Ikibadilishwa na ya kilo-omu 10, tatizo hilo huisha.

Baada ya hapo huja pini ya bure. Jeki ya zamani hulehemiwa ncha yake na shingo yake pamoja, kisha huchomekwa mahali pa mikrofoni, kwenye mlango wa kuingilia na kamwe si kwenye tundu la spika. Sasa mlango umezibwa. Shiii ikitoweka, ampli haina kosa. Kinachoshtakiwa ni kilichokuwa kimeunganishwa: mikrofoni, waya, kinanda, au simu. Ikibaki, imo ndani.

Ikiwa imo ndani, kapasita moja ya maikrofaradi 10 inatosha kuifuatilia. Mguu wa hasi huunganishwa na waya wa pamoja wa ampli, ule ambao wanaofanya kazi kwa Kifaransa huuita masi, na mguu wa chanya huguswa kwenye mlango wa hatua mojamoja, kuanzia nyuma: kwanza mlango wa hatua ya nguvu, kisha mlango wa hatua ya besi na trebo, kisha mlango wa hatua ya kwanza. Kapasita humeza sauti bila kuvuruga volteji tulivu zinazoiendesha aisi. Kila inapoguswa na spika ikanyamaza, shiii inatoka mbele ya hapo, upande wa mikrofoni. Inapoguswa na shiii ikaendelea, imezaliwa kati ya hapo na mahali palipotangulia kuguswa. Dakika chache zinatosha kuiweka kelele ndani ya eneo lenye vipuri vichache. Haya yote hufanywa upande wa volti ndogo tu, mikono ikiwa mbali na transfoma na waya za ukutani, na kapasita kubwa zikiwa zimemwagwa umeme wake kwa rezista kabla ya kulehemu chochote. Kapasita ya umeme inaweza kubaki imejaa muda mrefu baada ya waya kuchomolewa, na hilo lisisahauliwe hata mara moja.

Katika eneo hilo dogo, wanaoshukiwa kwa kawaida wanajulikana. Rezista za kaboni za zamani, zilizong'olewa kwenye redio chakavu, huongeza kelele yao wenyewe mkondo unapopita, juu ya ile ya Johnson. Za utando wa metali ni tulivu zaidi, na ni vipuri vya bei ndogo kuliko karibu vyote vilivyomo kwenye sanduku. Transista ndogo iliyowahi kupata joto kali wakati wa kulehemu inaweza kuendelea kufanya kazi huku ikitoa shiii au mikwaruzo. Kuigonga taratibu kwa kijiti kikavu, au kupulizia hewa ya moto halafu ya baridi, mara nyingi huifichua.

Kuna pia shauri la kubadilisha 4558 kwa NE5532, kwani zote zina miguu minane na mpangilio mmoja. Ni shauri zuri pale rezista za mlangoni zikiwa ndogo, mathalani mikrofoni ya omu mia chache. Zikiwa kubwa, shauri hugeuka. Mkondo wa kelele wa 5532 hupita kwenye rezista hizo na kuzalisha volteji mpya, na kwa zile kilo-omu 50 za mfano wa juu ingezidi hata kelele ya rezista zenyewe. Mbele ya rezista kubwa, TL072 inafaa zaidi ingawa kwa volteji peke yake ina kelele kuliko zote mbili. Hapa ndipo wengi hukata tamaa: wamenunua aisi ya sifa, shiii imeongezeka, wanasema wameuziwa ya bandia.

Wakati mwingine kweli ni ya bandia. Aisi zilizofutwa jina na kuandikwa upya zimejaa masokoni duniani kote, siyo katika eneo la biashara la Birere, Goma, tu. NE5532 halisi hula takriban miliampea 8 ikiwa imetulia. 4558 hula karibu 2.5. Fundi akipitisha waya wa umeme wa aisi kwenye mita, atajua amenunua nini kabla ya kuifunga.

Kosa jingine kubwa ni kukuza kupita mahitaji. Bodi ndogo za TPA3116, ambazo zimekuwa kimbilio la waundaji wengi kwa wepesi wake, zina ngazi nne za kukuza: desibeli 20, 26, 32 na 36, zinazochaguliwa kwa rezista mbili. Desibeli 36 ni mara 63. Simu inayotoa volti 1 ingehitaji spika kupata volti 63, na bodi inalishwa volti 24. Ukuzaji huo wote wa ziada hautoi sauti hata kidogo. Unakuza shiii na kufanya wimbo upasuke kitufe kikiguswa tu. Kwa desibeli 26, volti 1 huwa 20, na hiyo ndiyo karibu yote ambayo bodi inaweza kutoa. Kwenye TDA2030, mzunguko wa kawaida una rezista za kilo-omu 22 na omu 680, zinazokuza mara 33. Kuweka kilo-omu 1 mahali pa 680 hushusha hadi mara 23, na shiii hushuka kwa desibeli 3. Kwenda chini sana kuna hatari: watengenezaji wa TDA2030 wanataka isikuze chini ya desibeli 24, yaani mara 16 hivi, la sivyo huanza kujitikisa yenyewe.

Ampli inayojitikisa hudanganya sikio. Hutikisika kwa kasi ambayo binadamu haisikii, na kinachofika kwenye spika ni shiii chafu tu, au sauti inayokwaruza. Dalili yake ni joto: bati la kupozea linachoma mkono ilhali hakuna kinachopigwa. Redio ndogo ya AM ikisogezwa karibu inaweza kupiga kelele. Mara nyingi fundi ameacha ile rezista ya omu 1 na kapasita ya nanofaradi 220 ambazo mchoro wa TDA2030 unazionyesha penye spika, akidhani ni pambo. Ndizo zinazoituliza.

Bodi za blutuuthi nazo zina kesi yao, hasa zikila umeme mmoja na ampli. Jaribio lake ni la dakika moja: bodi ilishwe na pawabenki. Kama milio ya tiiii imekwisha, tatizo ni njia ya umeme, na kijisanduku cha kutenganisha volti 5, aina ya B0505S, kitalitatua. Kama shiii imebaki, ni ya bodi yenyewe. Sauti ya simu ipandishwe hadi karibu na mwisho na ya ampli ishushwe. Kanuni hiyo ya kupandisha mapema na kushusha mwishoni ni dawa isiyogharimu chochote, na waendeshaji wengi wa sauti kanisani hufanya kinyume chake.

Hapa inafaa kusema neno juu ya ardhi. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mlima Nyiragongo ulimwaga lava katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021 lava ikafika tena kwenye ukingo wake wa kaskazini. Jiwe hilo jeusi halipitishi umeme vizuri na fimbo ya chuma haizami ndani yake kwa nyundo, hivyo nyumba nyingi ni vigumu kuziwekea waya wa ardhi unaofaa. Njia inayokubalika mahali pa namna hiyo ni kulaza waya mrefu wa shaba katika mtaro badala ya kuchimba chini. Basi ampli inapolia, lawama huenda kwa jiwe. Si haki. Waya wa ardhi ni wa kulinda maisha ya anayeshika mikrofoni, na kwa sababu hiyo usikatwe kamwe ili kupunguza mvumo. Utulivu wa ampli unategemea masi ya ndani: waya zote za pamoja zikutane mahali pamoja, karibu na kapasita kubwa, na waya wa mikrofoni usipite njia moja na mkondo wa spika. Redio ya gari haina fimbo ardhini, na inatulia.

Wapo Wakongo walioipokea kelele na kuifanya sehemu ya muziki. Huko Kinshasa, Mingiedi Mawangu na kundi lake la Konono N°1 walikuza likembe zao, ala zinazopigwa kwa vidole gumba, kwa vifaa vya kujiundia, mikrofoni zikiwa na sumaku za alternata za magari na sauti ikitoka kwenye pembe za chuma. Mikwaruzo iliyozaliwa humo waliipa nafasi ndani ya nyimbo, na albamu yao ya Congotronics, iliyotolewa mwaka 2004, iliwafikisha mbali sana na Kinshasa. Walisikia kilichokuwa kinatoka wakakitaka. Msomaji wa Injili katika kanisa la Keshero hana nafasi ya kuchagua hivyo, kwani maneno yake lazima yafike benchi la mwisho yakiwa mazima.

Kwake yeye, baada ya mlango kusafishwa na ukuzaji kupunguzwa, inabaki kazi moja kwenye spika zenyewe. Pembe ina sauti kubwa kuliko spika ya besi iliyo chini yake, mara nyingi kwa desibeli 10 au zaidi, na sanduku la kiwandani huwa na rezista za kuishusha ili zilingane. Masanduku ya kuundwa mtaani mara nyingi huziacha. Kwa pembe ya omu 8, rezista nene ya saruji ya omu 5.6 huwekwa kwenye waya wa chanya, baada ya kapasita ya kuchuja besi, na nyingine ya omu 3.9 hufungwa sambamba na pembe. Pembe hushuka kwa karibu desibeli 10, na shiii ambayo karibu yote hutoka humo hushuka nayo, wakati spika ya besi haijaguswa. Pembe nyembamba za piezo hazifuati hesabu hii, kwa kuwa tabia yake ni ya kapasita. Rezista hizo ziwe za wati 10, zisigusane na mbao za sanduku, kwa sababu korali ikiimba kwa nguvu zitapata moto.